Kitanda Nilichowaahidi Watu

Mwanangu Ineza,

Kwanza kabisa, hilo kufuli. Tumeishi watu tisa katika vyumba viwili kule kambini, tumeishi watatu kwenye fleti ya Shively hapa Louisville ambayo mlango wa chooni ulikuwa pazia, na katika miaka yote hiyo sijaona mtu wa nyumba hii akifunga chumba chake kwa kufuli. Leo nimepita hapo koridoni mara nne. Mara zote nne nimeliangalia nikapandwa na hasira upya. Elie akaniuliza, "Baba, dada ameficha nini humo?" Nimjibu nini mtoto wa miaka kumi? Nimwambie dada yake amefungia kitanda ili baba yake asikigawe?

Maana huo ndio ukweli, na ndio unaoniudhi zaidi.

Umekwenda kusukwa nywele, umesema hutarudi kabla ya saa mbili usiku. Mama yako yuko ghalani, zamu yake inaisha jioni. Nimekaa hapa jikoni na daftari la hesabu la Elie, nimechana kurasa za katikati, na ninajaribu kuandika yale ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyasema tangu Jumatano. Kesho alfajiri unawasha gari unakwenda Brampton, Kanada, na siku nne hizi mimi na wewe tumezungumza habari za chumvi na habari za mafuta ya gari tu. Mambo ya koti, viatu vya theluji, pasipoti na dawa za kifua mama yako ameshakwambia mara mia. Sina cha kuongeza hapo. Mimi nina neno moja tu la kitanda, lakini ili nifike huko itabidi univumilie, kwa sababu ni refu na sehemu kubwa linanihusu mimi.

Jumatano ulirudi kutoka kazini ukanikuta chumbani kwako nimepiga magoti na futi mkononi, napima kitanda chako. Ukasimama mlangoni na mfuko wako begani. Hukupiga kelele. Afadhali ungepiga. Uliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yako ukikasirika, nani amekwambia. Nikakujibu kwa Kiswahili kwamba Mama Furaha amepata nyumba yake hapahapa Beechmont, mtaa wa pili, baada ya mwaka mzima wa kubanana kwa shemeji yake, kwamba ana watoto wanne na hana hata godoro, kwamba Jumatatu watakuja na gari kuchukua kitanda. Nilieleza vizuri kabisa. Nilitegemea ungesema, "Sawa, Baba." Kumbe ulikuwa unanisikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu yake.

"Hata sijaondoka," ulisema. Mara hii kwa Kiswahili.

Nami nikajibu kama mpumbavu, "Lakini si unaondoka?"

Alhamisi nikaamka nikakuta kufuli.

Mama yako, badala ya kunitetea, alisema huku akikaanga vitunguu, bila hata kugeuka, "Umemaliza kugawa sufuria, sasa unagawa mtoto." Nikatoka nje nikasimama kwenye kibaraza kama nusu saa, nikajifanya naangalia tairi za gari. Nilikuwa nimekasirika kweli. Nilijiona nimeonewa. Mimi nimefanya jambo jema, nimemkumbuka mama wa watu mwenye shida, halafu nyumba nzima inaniona mwizi. Nilijitetea peke yangu pale nje mpaka jirani akaniuliza naongea na nani.

Sasa ngoja nikueleze jambo hili lilikotoka, maana ulitoka kambini una miaka minne na huwezi kulikumbuka.

Kule Mtabila kulikuwa na ubao. Asubuhi watu walikwenda kusoma majina ya wanaosafiri. Ukiona jina lako, hujafika hata nyumbani, habari imeshakutangulia. Jioni ileile watu wanaanza kuja. Hawaji kuomba, la. Wanakuja kukupongeza. Wanakaa, wanauliza Amerika kuna baridi ya namna gani, na huku macho yao yanatembea: kwenye dumu, kwenye jembe, kwenye sufuria kubwa. Na wewe unajua wajibu wako. Sufuria kwa huyu, dumu kwa yule, blanketi kwa mjane. Hata mlango wa nyumba una mwenyewe, kwa sababu mbao zilikuwa ghali, na aliyeondoka na mlango wake au akauacha bila kuusemea alionekana mtu wa ajabu. Mtu mwema aliondoka akiwa na mfuko mmoja na mikono mitupu. Tulisifiana hivyo. "Fulani aliondoka vizuri," tulisema, maana yake hakuacha kitu kinachomdai arudi.

Siku jina letu lilipotoka, babu yako hakuwa kwenye orodha. Faili lake lilikuwa tofauti na letu. Tuliambiwa atafuata. Nilikuwa na kitanda changu cha miti, nilikichonga mwenyewe, kimefungwa kwa kamba za mkonge, na nilikuwa nakipenda kijinga. Nilifikiri mzee atakitunza. Siku mbili kabla ya basi, nikarudi kutoka kuchota maji nikakuta watu wawili wanakitoa nje, na baba yangu amesimama anawaelekeza wasigonge mguu wa kitanda ukutani. Hakuniuliza. Usiku huo na uliofuata mimi na mama yako na wewe tulilala chini. Mzee alilala chumba cha pili.

Nilimwona mtu mkarimu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia habari hiyo kanisani kama mfano wa ukarimu. Hakufuata. Alifariki mwaka wa pili tukiwa Shively, na mimi sikuwa na njia ya kwenda kumzika. Unajua nimechukua miaka mingapi kutambua kwamba mzee yule hakuwa anagawa kitanda? Alikuwa ameshajua hatutaonana. Alitaka kitu kile kitoke mbele ya macho yake nikiwa bado nipo, asije akabaki nacho peke yake.

Nimelijua hilo juzi, Alhamisi, kwenye kibaraza, nikiangalia tairi. Mtu mzima wa miaka hamsini! Ninajichukia kwa uzito wa kichwa changu.

Lakini kabla ya kufika hapo, kuna habari ya Columbus, mji tuliohamia kutoka Shively. Hii ndiyo ngumu, na nimeshasimama mara mbili kunywa maji ili nisiiandike.

Siku zote nimekwambia kwamba tulihama Columbus kwenda Buffalo kwa sababu Buffalo nyumba zilikuwa rahisi na kazi zilikuwepo. Kila mtu alisema hivyo wakati ule. Watu wetu wako hivyo mpaka leo. Mmoja anapiga simu kutoka mji fulani anasema huku ni kuzuri, na wiki mbili baadaye familia sita zimefungasha. Lakini mimi sikuhama kwa sababu ya nyumba. Nilihama kwa sababu walinivua uongozi wa kwaya. Ndiyo, cheka. Walimweka kijana aliyejua kupiga kinanda, wakanipa cheo cha mshauri, cheo cha kumwondolea mtu heshima kwa upole. Nilikuwa na kazi nzuri, wewe ulikuwa na miaka kumi na moja na shule uliipenda, mama yako alikuwa amepata rafiki wa kweli kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii. Nikawang'oa wote kwa sababu ya kipaza sauti.

Na tulipokuwa tunaondoka nikafanya kama nilivyofundishwa. Niliwaalika watu, nikagawa. Kochi, meza, televisheni ile nzito. Na ile fidla yako.

Ineza, mimi sikujua kwamba ilikuwa ya shule. Hapana, ngoja, nisiseme uongo hata hapa. Nilijua ilikuwa na kibandiko cha shule. Sikujali. Niliona binti wa jirani anaishika vizuri, nikaona watu wananitazama, nikasema, "Chukua, mwanangu, dada yako atapata nyingine Buffalo." Ulikuwa umesimama karibu na friji. Ulilia bila sauti, nami nikakusema mbele ya watu, nikakwambia una uchoyo, nikakwambia sisi tulitoka kambini na mfuko mmoja na hatukufa.

Halafu shule ilipiga simu. Tulikuwa tumeshafika Buffalo, tumekaa kwenye ile fleti ya madirisha yenye baridi. Mwalimu wako wa muziki alitaka kujua fidla iko wapi. Wewe ndiye uliyekuwa unatusaidia simu zote, kwa hiyo simu ulipokea wewe. Nilikuwa nimekaa kitandani nafunga viatu vya kazi. Nilisikia ukimwambia kwamba uliisahau kwenye basi. Uliomba msamaha mara mbili tatu. Ukasema ni kosa lako. Ulidhani sielewi. Kiingereza changu kilikuwa kibovu, lakini hicho nilikielewa chote.

Nilifunga kamba za viatu, nikaenda kiwandani Tonawanda, nikafanya kazi zamu nzima, nikarudi nikala ulichopika. Na shule mpya ilipokuuliza kama unataka kujiunga na muziki, ulisema muziki huupendi. Nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani mambo yamekwisha.

Ulikuwa mtoto, ukanikinga mimi, mtu mzima, na mimi nikakuacha unikinge. Naomba unisamehe. Nimeandika sentensi hii kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza ingekuwa rahisi mno kutamka.

Tulipohama Buffalo kurudi Louisville ulikuwa na miaka kumi na minne. Nakumbuka usiku ule wa kugawa vitu ulichukua begi lako la shule ukalilalia, umelikumbatia kwa mikono miwili. Mama yako alikuona, mimi nilikuona. Nilisema, "Mtoto huyu ana wasiwasi wa nini?" Baba gani anauliza swali hilo akiwa yeye ndiye jibu?

Basi, sasa Brampton.

Unakumbuka Mei uliponichukua twende tukaone mji kabla ya kusaini mkataba wa kazi. Nikuambie ukweli wangu wa safari ile: nilikwenda kutafuta kosa. Nilitaka niukute mji mbaya, nirudi nimwambie mama yako, "Nilisema mimi." Ndiyo maana nilinung'unika njia nzima. Tulipopita Columbus uliniuliza kama nataka tusimame tusalimie watu, nikasema tunachelewa. Hatukuwa tunachelewa. Buffalo tulilala kwa yule rafiki yangu wa kiwandani, naye akatusifia Brampton mpaka nikashindwa kula. Asubuhi tukavuka daraja, na afisa wa mpakani akaniuliza nakwenda kufanya nini Kanada. Nikamwambia nakwenda kuona mahali binti yangu anapotaka kukimbilia, anikimbie mimi. Ulinikanyaga mguu.

Na mji wenyewe, jamani. Mji gani hauna katikati? Tuliendesha na kuendesha, nyumba baada ya nyumba, zote za rangi ya biskuti, zote na gereji mbili na magari manne mbele yake. Mwisho wa nyumba kuna shamba la mahindi, na katikati ya shamba la mahindi kuna kibao kinasema hapa patajengwa nyumba nyingine. Nilitoka kwenda kunyoosha miguu pale utakapokaa, nikazunguka kona mbili, nikapotea. Nyumba zote ni ileile! Nusu saa nzima mimi natembea mtaani nikiogopa kubisha hodi, ndege zinashuka juu ya kichwa changu kwenda uwanjani, chini chini mpaka unaona magurudumu. Niliokolewa na watoto waliokuwa wanacheza kriketi barabarani. Shule ya mtaa ule ni mpya na tayari haitoshi, wameweka vibanda vya madarasa nje kwenye uwanja. Kwenye kituo cha basi watu walijaa kama siku ya mgawo wa chakula. Wauguzi wa Kifilipino waliotoka zamu, vijana wa Kihindi wenye mabegi ya chuo, mama wa Kijamaika aliyevaa kofia ya kanisa siku ya Jumanne. Kwenye barabara ileile moja nilihesabu hekalu, msikiti, makanisa mawili, na lile jengo kubwa la Masingasinga lenye kuba la dhahabu. Mji umejaa watu ambao jana hawakuwepo. Nilikwambia, "Hawa wote wamehamia, nani mwenyeji?" Ukacheka ukasema, "Baba, kwani Beechmont mwenyeji ni nani?"

Ulinikera kweli.

Halafu yule bibi Mpunjabi mwenye nyumba. Utakaa chini kwake, chumba cha chini ya ardhi chenye mlango wake wa ubavuni, na mimi nilikuwa nimejiandaa kukichukia. Kina dirisha dogo, nilikwambia. Kina dari fupi, nilikwambia. Yule bibi akaniona napiga piga ukuta kwa vidole kama fundi, akashuka na chai ya tangawizi na chapati. Chapati zake hazina mafuta hata tone, nikataka kumfundisha, nikakosa lugha. Tukakaa mimi na yeye mezani, hatuelewani neno moja, ananionyesha picha za wanawe waliotawanyika, mmoja Vancouver, mwingine Uingereza, nami nikamwonyesha picha yako ya mahafali kana kwamba hukuwepo pale. Akakugusa kichwani. Nikaona wivu, Ineza. Mimi sijakugusa kichwa tangu lini?

Kesho yake dukani ndiko nilikoshindwa kabisa. Nilikuwa naangalia rafu, nashangaa unga wa muhogo na dagaa wakavu viko pamoja na dengu na bizari, nikawa nasema peke yangu, "Hivi hawa dagaa wamefikaje huku?" Sauti nyuma yangu ikajibu, "Kwa meli, bwana, kama mimi." Nikageuka. Mzee wa Kisingasinga, kilemba cheupe, ndevu nyeupe, anasukuma kigari cha maziwa na mkate. Kazaliwa Mwanza. Kiswahili chake kizuri kuliko chako, na hilo nililisema mbele yako bila aibu. Aliniambia yuko Brampton tangu hakuna kitu ila mashamba, kwamba kila mwaka anasema mji umejaa sasa basi, na kila mwaka wanaongeza mtaa. "Watoto wako nao wako hapa?" nikamwuliza. Akasema, "Wamehama wote, lakini vyumba vyao vipo. Mke wangu anabadilisha mashuka kila mwezi. Mimi nalalamika, ananiambia nyamaza, mzee, kama hakuna kitanda watafikia wapi?"

Mzee yule alikuwa analalamika tu habari za mkewe, kama wanaume wote. Alichukua maziwa yake akaenda zake. Lakini mimi nilibaki pale kwenye dagaa, na ulikuja ukaniuliza mbona nimesimama tu, nikasema bei. Haikuwa bei. Nilikuwa nafikiri kwamba mimi sijawahi kuwa na nyumba ambayo mtu aliondoka akarudi. Kambini aliyeondoka ameondoka. Shively, Columbus, Buffalo, sisi wenyewe tuliondoka tukafuta nyayo zetu, hata anwani hatukuacha. Sikujua kwamba kuna watu wanaishi namna nyingine, kwamba mtoto anaweza kwenda mbali na shuka lake likafuliwa.

Ungedhani baada ya kufikiri hivyo ningerudi na akili. Wapi! Nilirudi Louisville, nikaendelea na kazi yangu ya kuendesha foklifti, na Jumapili iliyopita Mama Furaha aliponiambia baada ya ibada kwamba wamepata nyumba lakini hawana kitanda, mdomo wangu ulifunguka wenyewe kabla hajamaliza. "Binti yangu anaondoka. Njooni Jumatatu." Nikasikia watu wawili watatu wananisifu. Nikajisikia vizuri mpaka Jumatano. Miaka kumi na moja tangu Columbus, na bado nagawa vitu vyako mbele ya watu ili nisifiwe.

Sitakwambia usiwe kama mimi, maana hujawahi kuwa. Mimi niliondoka kila mahali nikiwa nimenuna. Wewe unaondoka kwa sababu ya kazi ya hospitali uliyoisomea, umeaga watu wote, umewaambia kazini mwezi mzima kabla. Niliposema kwamba unanikimbia, nilisema hivyo kwa sababu mimi ndivyo nilivyoondoka kila mara. Ila kama siku moja huko utaudhiwa, na utaudhiwa, hospitali zina watu na watu wanaudhi, jaribu kwanza kukaa wiki mbili zaidi. Mimi sikujaribu hata mara moja, sijui lingetokea nini. Huenda ningekuwa bado naimba kwenye kwaya ya Columbus, mstari wa nyuma, na wewe ungekuwa na fidla yako.

Sasa nikueleze nilikotoka mchana huu, kabla sijachana daftari la Elie.

Nilikwenda kwa Mama Furaha. Nilikwenda kwa miguu ili nichelewe kufika. Nikamkuta anadeki, watoto wamekaa juu ya mabegi. "Karibu, papa Ineza, ikala," akasema kwa Kiswahili cha kwao, yaani nikae, halafu akacheka kwa sababu hakuna kiti. Nikasimama. Nikamwambia kile kitanda nilichoahidi hakipo, si changu, ni cha mwanangu, na mwanangu hakukitoa. Nikamwambia atachukua kochi letu la sebuleni, lile linalofunguka. Mama yako hajui bado. Ukisikia kelele kesho wakati unapakia gari, ujue ndizo hizo, wala usiniulize mbele yake.

Nilitegemea Mama Furaha akasirike, kwa sababu mimi ningekasirika. Hakukasirika. Alikamua kile kitambaa chake, akasema, "Bon, haina shida. Babili balale kwa kochi, babili chini. Banazoea." Halafu akaniangalia vizuri, kama mtu anayepanga hesabu, akauliza, "Donc, mutoto atarudia?"

Yaani mtu anakuuliza kama mwanao atarudi, swali dogo kabisa, na mimi baba yako sijui. Kwa sababu sijakuuliza. Tangu siku ulipopata barua ya kazi nimekuuliza kuhusu mshahara, kodi ya nyumba, theluji, bima, lakini hilo sijakuuliza hata siku moja. Kwetu haliulizwi. Mimi mwenyewe nilipopanda basi babu yako hakuniuliza.

Mama Furaha alikuwa bado anasubiri, na watoto wake pia.

Nikamwambia ndiyo. "Ndiyo, anarudi." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka yule mdogo akaacha kuchezea zipu ya begi. Mama Furaha akatikisa kichwa, jambo limeshakwisha kwake, akasema, "Kama atarudia, basi kitanda ni ya yeye," akaendelea kudeki.

Kwa hiyo, Ineza, nimeshasema. Nimesema mbele ya mama wa watu, na watoto wake wawili watalala chini kwa ajili ya neno langu. Usinifanye mwongo.

Baba yako